Ukungu Niliouteremsha Lituhi

Mapera, Jumapili jioni

Mwanangu Agripina,

Sanduku lako limeshafungwa. Baba yako amelizungushia kamba mara nyingi kuliko linavyohitaji, na sasa yuko nje anatafuta kitu kingine cha kufunga. Wewe umekwenda kuaga kwa jirani. Nimebaki mezani peke yangu, nikaikamata kalamu kabla mtu hajaniita.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala chandarua, wala kula kwa wakati. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kuyajibu kabla sijayamaliza. Na barua hii usiifungue kesho ukifika Lituhi kwa baba yako mkubwa. Ifungue ukiwa ndani ya meli, umeshalala usiku mmoja katika nyumba yake, umeshakula samaki wake, umemtazama kwa macho ya mtu mzima. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza kwa nini Baba Mkubwa Otmari anaishi ziwani wakati ukoo mzima uko huku juu kwenye kahawa. Nilikuwa nakujibu kwamba anapenda samaki. Ni kweli anawapenda. Lakini hakushuka kwa ajili ya samaki.

Mimi si mtoto wa mlima huu, unajua. Nilizaliwa Ungoni, kwenye tumbaku, ambako udongo ulinuka moshi na asubuhi ilikuja mara moja, yote, kama mtu anayesukuma mlango. Nilipoletwa hapa bibi harusi, asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nisione kitu. Hapakuwa na mti, hapakuwa na njia, hata zizi la mbuzi halikuwepo. Palikuwa na weupe tu, unapumua. Nilidhani dunia imeondolewa nikiwa nimelala. Bibi yako, yule ambaye umebeba jina lake, alikuwa amekaa jikoni akichochea moto na kucheka.

“Subiri, mwanangu,” aliniambia. “Itarudi.”

Ikarudi taratibu, kilima baada ya kilima, na kwenye kila kilima nikaona mashimo ya ngolo yamepangana kama sega la nyuki. Sikuwahi kuona shamba la namna ile. Bibi yako alinifundisha kwa mikono yake: majani yakishafyekwa yanalazwa kwa miraba, udongo unachimbwa katikati na kufunikwa juu yake, majani yanaoza humo ndani kimyakimya, na maharage yanapandwa juu ya tuta. Mvua ikija inakaa mashimoni, haiondoki na mlima. Miezi ile ya kwanza nilitembea kwenye miteremko hiyo kama mtu ambaye hajaamka vizuri. Nilikuwa nachukua donge la udongo, nalinusa, nalirudisha. Lilinuka utamu fulani, kama chungu kilichohifadhi maji muda mrefu. Sikujua nanusa nini.

Miaka ile mambo ya kahawa yalikuwa yanageuka. Ushirika uliokuwa ukituletea dawa na mbolea ulinyamaza. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na redio ikasema sasa soko ni huria. Wengine walishangilia. Wengine waling'oa mikahawa ya baba zao wakapanda mahindi. Baba yako alikuwa mtu wa kusubiri, kama alivyo mpaka leo. Kaka yake hakuwa mtu wa kusubiri.

Umemwona amepungua, lakini wakati ule Otmari alikuwa mrefu na mikono yake haikutulia akizungumza. Alikuwa akikusimulia jambo ambalo bado halijatokea, nawe unaliona. “Leo wanang'oa,” alisema, “keshokutwa watalia. Watataka kupanda upya. Miche itatoka wapi, kama ushirika hautoi? Itatoka hapa.” Akaonyesha bonde lile chini ya shamba la babu yako, kando ya kijito. Pale ndipo tulipotengeneza kitalu. Majirani walikuja kusaidia, wakabeba fito na majani ya kivuli, maana kila mmoja aliahidiwa miche.

Kahawa inapoota ni kitu kizuri, Agripina. Inatoka ardhini imeinamisha shingo, kisha inasimama na ile punje bado iko kichwani, kisha punje inafunguka majani mawili ya mviringo. Nilikuwa nashuka kuitazama alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka. Asubuhi moja nikakuta kiraka kimelala. Niliinua mche mmoja. Pale unapoachana na udongo palikuwa pamekonda na kuwa peusi, kama pamefungwa uzi ukakazwa. Juu ya udongo palikuwa na nyuzi nyeupe, laini kuliko za buibui. Huku wanauita ugonjwa huo kinyausi. Kiraka kikapanuka. Otmari akanunua dawa kwa mchuuzi sokoni, chupa isiyo na karatasi, yenye harufu ya kuwasha macho. Miche iliyokuwa imesimama ikaungua majani, na iliyokuwa ikianguka ikaendelea kuanguka.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Kwetu kwenye tumbaku, kabla ya kusia mbegu tulikuwa tunarundika kuni juu ya tuta na kuchoma mpaka udongo unakuwa kama unga. Magugu yanakufa, maradhi yanakufa. Nilimweleza Otmari, naye akaona mara moja kitalu kipya kikiwaka, chini kidogo ya kile cha zamani. Tulibeba kuni sote. Hata bibi yako alibeba. Moto ule ulikuwa mzuri kuutazama bondeni, na udongo ulipopoa ulikuwa mwekundu, mwepesi, hauna hata jani. Niliupenda. Niliamini kwamba hivyo ndivyo uzima unavyoonekana: mahali pasipo na kitu.

Tukasia tena. Miche ikaota yote, kijani ya kung'aa, na watu wakitoka misa wakawa wanapitia kitaluni kutazama. Otmari alianza kuniita mwalimu. Nilikuwa na mimba yako, natembea polepole, na kila nilipopita nilijisikia kama mwenye bonde lile.

Kisha ikanyesha mvua kubwa. Maji yakashuka kutoka lile tuta la zamani yakapita katikati ya matuta mapya. Safari hii hakikuwa kiraka. Kitalu chote kililala kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Majirani walikusanyika. Hakuna aliyesema kitu kibaya. Walisimama tu na majembe yao. Nadhani ukimya ule ndio uliomshinda Otmari, maana alikuwa amewaahidi mbele ya kila mtu. Alinigeukia.

“Huyu ametuletea moto wa kwao,” alisema. “Ameuchoma udongo wa baba yangu, sasa umekufa. Hautazaa tena.”

Nilimtazama baba yako. Baba yako alitazama miguu yake. Wewe ulikuwa unapiga teke tumboni, na mimi nilisimama nikingoja mtu mmoja aseme neno. Aliyesema ni bibi yako.

“Otmari,” alisema, “hata mimi nilibeba kuni.”

Basi. Hakuongeza. Lakini kwa Otmari ilikuwa kama mama yake amemwacha upande wa pili wa mto. Mvua hazijaisha, alipakia vitu vyake kwenye lori la samaki, yeye na mama yako mkubwa Theofrida, wakashuka Lituhi. Hakuniaga, na wala sikutoka nje. Bibi yako alikaa siku nyingi anapika chakula cha watu wengi kuliko tuliokuwepo.

Ulipokuwa umeanza kukaa mwenyewe, alikuja bibi shamba mpya. Jina lake Zaina, mtu wa Tanga, amejitanda mtandio na kuvaa mabuti ya mvua. Pikipiki ya ofisi haikuwa na mafuta, kwa hiyo alikuja kwa miguu. Alimwamkia bibi yako kwa kupiga goti kidogo, akaomba kuona kile kitalu kilichokufa. Habari za kitalu hicho zilikuwa zimefika mpaka Mbinga. Nikampeleka nikiwa nimekubeba mgongoni. Alichota udongo, akaunusa.

“Huu ulichomwa,” alisema.

“Mimi ndiye niliyesema uchomwe.” Nilikuwa tayari kugombana.

“Hata kwetu watu huchoma. Si ujinga. Moto unaua ugonjwa kweli. Tatizo unaua na wale waliokuwa wanauzuia.”

“Akina nani?”

Akakaa kwenye ukingo wa tuta, akaniwekea udongo kiganjani. “Humu ndani kuna wakazi wengi sana, huwezi kuwaona. Kuna kuvu wabaya, hao ndio wanaokata miche shingo. Na kuna kuvu wema. Wengine wanawazungukia wale wabaya na kuwala. Wengine wanawahi tu kwenye mizizi, wanamaliza chakula na nafasi, mbaya akija anakuta pamejaa. Ukiwachoma wote, umebaki na nyumba tupu. Mvua ikaleta mgeni wa kwanza kutoka tuta la zamani, na mgeni mwenyewe alikuwa mwizi.”

Nilicheka. Nilidhani ananisimulia hadithi ya watoto. Bibi yako, aliyekuwa ametufuata na fimbo yake, hakucheka. Alimuuliza Zaina kama ameshaona ngolo, wakapanda wote wawili mlimani taratibu, mmoja kwa ajili ya uzee na mwingine kwa ajili ya mabuti. Huko juu Zaina alipasua tuta kwa mkono na kutazama yale majani yanayooza ndani. Akauliza kama maharage ya hapo yanakufa mizizi. Bibi yako akasema machache, si kama ya kule bondeni. Zaina akajaza mfuko wake.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa kitu kidogo. Alichukua makopo ya mafuta ya kupikia. Kopo moja akalijaza ule udongo uliochomwa, la pili akachanganya udongo uleule na konzi ya udongo wa ngolo. Akasia mbegu za kahawa kwenye yote mawili na kuniachia. Mwanangu, nililea makopo yale sambamba na wewe. Nilikuwa nakunyonyesha huku nayatazama. Miche ilipoota na kusimama, ile ya kopo la kwanza ikaanza kuanguka. Ya kopo la pili ikasimama. Ilikuwa imesimama hivyohivyo Zaina aliporudi, nikampa kiti.

Baadaye alileta chupa ndogo kutoka kwa watafiti wa kahawa. Ndani mlikuwa na punje za nafaka zimevaa unga wa kijani. “Huyu ni ndugu wa wale wa kwenye ngolo,” alisema, “ila amechaguliwa kwa nguvu zake.” Akamtaja kwa jina lake la kisomi. Bibi yako akajaribu kulitamka, akashindwa, akamwita Kijani. Jina likabaki.

Kijani ilibidi azalishwe, na jiko lililokuwepo ni la kwangu. Unachemsha mahindi yaliyopondwa kwa mvuke, unayaacha yapoe, unachanganya punje chache za Kijani, unafunika kwa majani ya mgomba yaliyopashwa moto. Bibi yako alisimama mlangoni amejishika kiuno.

“Tangu lini mtu akapika ukungu? Watu wanautupa, wewe unauwekea beseni.”

Mara ya kwanza sikungoja mahindi yapoe, nikampika Kijani mwenyewe. Mara ya pili nilikuwa namfunua asubuhi, mchana na jioni nione amefika wapi. Ukaota ukungu mweusi mwingine, ukanuka nyumba nzima. Zaina alinusa kutoka uani. “Unamfunua sana, Mama Agripina. Unawakaribisha wengine. Mwache alale.”

Nikamwacha alale. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchota maji. Mimi ni mtu wa kufunua sufuria, unanijua. Siku zile ukungu wa mlimani ulikuwa mzito, ukiingia hata ndani ya nyumba, na lugha yetu imeviita vitu vyote viwili kwa jina moja; nilikuwa naamka nisijue ninaota juu ya upi. Niliota kitalu kimefunikwa weupe, na ndani ya weupe watu wadogo wasiohesabika wanatembea wamebeba mizigo, wanapeana nafasi njiani. Niliamka nimetulia. Nilipofunua beseni, mahindi yalikuwa yamevaa pamba nyeupe, na pembeni pamba imeanza kugeuka kijani kama ukoga wa kwenye mawe ya kijito.

Tulimchanganya na samadi iliyooza vizuri, pua tumeziziba kwa kanga, tukamfunika kivulini apate nguvu, kisha tukamtia kwenye matuta kabla ya kusia. Miche ikasimama. Si yote. Zaina alituambia mapema kwamba huyu si mlinzi asiyesinzia, na kwamba maji yakituama atashindwa. Kwa hiyo tulichimba mfereji, tukapunguza kivuli. Jirani mmoja alitaka kuongeza uhakika, akamwagia mrututu juu yake, ile dawa ya bluu ya kahawa, na miche yake ikaanguka. Zaina alishika kichwa. “Umemwagia mlinzi sumu, mzee wangu.”

Unakwenda kusoma uuguzi. Huko watakufundisha kuua vijidudu: kuchemsha vifaa, kunawa mikono, kusafisha jeraha. Fanya vyote, mwanangu, tena fanya kwa bidii. Jeraha si kitalu. Ninakusimulia haya kwa sababu nyingine. Nilikuwa na umri wako nilipodhani mtu akitaka kuwa mzima aondoe tu kila kinachomsumbua. Nilifanya hivyo hata kwa watu. Otmari alipoondoka, nilijiambia nyumba sasa ni safi. Haikuwa safi. Ilikuwa na nafasi kubwa tu, na katika nafasi ile ukaingia ukimya kati yangu na baba yako uliokaa muda mrefu.

Habari za Otmari zililetwa na mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akipanda na mzigo wake siku za soko. Alimwambia bibi yako kwamba mwanawe analima nyanya karibu na mdomo wa mto. “Lakini zinakauka, mama. Zinakauka zikiwa na matunda. Jani linageuka njano upande mmoja, kesho mche mzima umeinama. Ameng'oa, akapanda palepale, zikakauka tena. Anasema ni laana.”

 Bibi yako aliushika ule usipa mkononi muda mrefu.

Nami nilifurahi. Nitakuficha nini? Nilifurahi mpaka jioni. Nilipika nikiimba. Baba yako alipoambiwa alisema, “Yeye ndiye aliyeondoka. Akitaka kitu, aje.” Nikamwitikia. Lakini nilipokwenda kumfunua Kijani kwenye beseni, furaha ile ilikuwa imeisha ladha. Nilimuuliza Zaina. Akasema huo ni mnyauko, nao unakaa udongoni, tena ni wa ukoo mmoja na baadhi ya hawa wanaokata kahawa. Kijani anaweza kusaidia kama akitangulia. Akiwa amechelewa, hawezi. Hakuniambia niende. Alifunga mtandio wake, akaondoka.

Nilichukua mfuko wa Kijani na samadi, nikakubeba, nikamwambia baba yako kwamba nakwenda Lituhi. Alisimama. Nilidhani atanikataza. Akauchukua mfuko kichwani mwangu, akaubeba mwenyewe mpaka barabarani. Bibi yako alinipa maharage ya kupeleka, akasimama njiani.

Lori la samaki lilikuwa linarudi tupu. Tulishuka na ukungu mpaka mahali fulani kwenye kona, kisha ukungu ukabaki juu kama paa, nasi tukatokea chini yake kwenye joto. Masikio yangu yaliziba. Milima ilikuwa inafunguka mmoja baada ya mwingine, na mwisho wake palikuwa na bluu isiyo na ukingo. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusema. Ulinyoosha kidole ukasema, “Mbingu.” Dereva akacheka, akataka kukusahihisha, nikamwomba akuache.

Mama yako mkubwa Theofrida alikuwa ufukweni anageuza usipa kwenye chanja. Alikupokea wewe kabla hajanisalimu mimi, akakunusa shingoni, akakaa chini nawe kwenye mchanga. Aliniambia Otmari yuko bustanini.

Nilimkuta amechuchumaa katikati ya nyanya zilizokauka. Alikuwa amekonda, mikono imetulia juu ya magoti. Hicho ndicho kilichoniuma, ile mikono.

“Shikamoo, shemeji,” nilisema.

“Marahaba.” Akatazama mfuko. “Umeniletea nini? Moto?”

“Nimekuletea walio hai.”

Hakucheka. Nikatua mfuko, nikaufungua, nikamweleza kama Zaina alivyonieleza. Alisikiliza bila kunitazama. Akachovya kidole.

“Watazifufua hizi?”

“Hapana. Hizi zimeshakufa, zimesimama tu. Zing'oe na mizizi, ukazichome mbali na hapa. Tuta ulihamishie kule kulikokuwa na mahindi. Hawa ni kwa ajili ya zitakazofuata.”

“Kwa hiyo umetoka mlimani na mtoto kuja kuniambia ning'oe.”

“Ndiyo.”

Upepo wa ziwa ulikuwa unayapiga majani makavu. Alipangusa kidole chake kwenye goti. Kisha akauliza, “Mama hajambo?”

“Hajambo. Amekuletea maharage.”

“Alisema nini?”

“Hakusema kitu. Alisimama njiani mpaka lori likapotea.”

Otmari alishika mche uliokuwa mbele yake, akaung'oa. Akang'oa na uliofuata. Nikajifunga kanga yangu kiunoni, nikaanza mstari wa pili. Tuling'oa mpaka Theofrida alipotuita kula.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, sitakupambia. Msimu wa kwanza nyingi zilikauka tena. Mchanga wa kule ni wa moto na hauna chakula, Kijani alikufa njaa. Nilimpelekea mwingine kwa lori, na Theofrida akawa anaozesha majani ya mtoni na kuyachanganya. Msimu uliofuata wakala nyanya, wakauza nyanya. Mpaka leo kila mwaka ipo michache inayoinama, naye anaing'oa bila kumlaumu mtu.

Otmari alipanda mlimani wakati wa kupanda kahawa mpya. Hatukumtarajia. Asubuhi ilikuwa nyeupe kabisa, na bibi yako alikuwa amekaa mlangoni, macho yake yameshafifia. Kivuli cha mtu kikatokea chini ya njia. Mimi sikumtambua. Bibi yako akasimama bila fimbo.

“Huyo anayetembea hivyo,” alisema, “ni wangu.”

Alikuwa amebeba tenga la nyanya. Majirani walikuwepo, walewale. Otmari alitua tenga, akasema bila kupandisha sauti, “Siku ile nilisema huyu ametuchomea udongo. Kuni nilibeba mimi, na kiberiti nilikiwasha mimi.” Kisha baba yako, ambaye kwa miaka yote ile sikuwahi kumsikia akiligusa jambo hilo, akasogea karibu yangu. “Na mimi nilipaswa kusema neno,” alisema. “Nilinyamaza.” Alinishika mkono mbele za watu, kitu ambacho unajua baba yako hafanyi. Kisha tukachimba mashimo. Bibi yako alikaa katikati akimpa kila mtu konzi ya Kijani ya kutia shimoni, akihakikisha hakuna aliyepunjwa.

Aliishi kuyaona maua ya kwanza ya mikahawa ile. Otmari hakurudi kukaa. Alisema ameshazoea kulala akisikia maji. Zaina alihamishwa muda si mrefu baadaye, barua ilikuja ghafla kama zinavyokuja, na sikuwahi kupata habari zake tena. Namkumbuka kila ninapojizuia kufunua sufuria.

Kama Otmari amekuamsha alfajiri kukuonyesha bustani, kama amekunusisha udongo bila kukueleza kwa nini, sasa unajua alikuwa anakwambia nini.

Nakuacha uende, mama yangu mdogo, na Mungu akushike pale mkono wangu usipofika. Ukifika, usingoje mpaka uwe na habari kubwa. Masomo utanieleza baadaye. Barua yako ya kwanza nataka initajie majina ya wasichana mnaolala chumba kimoja, kwao ni wapi, nani kati yao analia usiku, na nani anayeinuka kwenda kukaa kitandani kwake.

Mimi mama yako,
Imakulata